Wino upi kwa kifungashio cha chakula? Maji, kiyeyushi, UV, mafuta, ribboni au wino wa kuliwa

Novemba 2005 mamlaka za Italia ziliondoa madukani mamilioni ya lita za maziwa ya watoto wachanga. Maziwa yenyewe hayakuwa yameharibika. Kilichokutwa ndani yake ni ITX, kemikali inayotiwa kwenye wino ili ukauke mara moja unapomulikwa, na wino huo ulikuwa umechapwa nje ya boksi. Boksi za aina hiyo zina karatasi, plastiki na utando wa alumini kati ya wino na maziwa. Sasa ilipenyaje? Haikupenya. Karatasi iliyochapwa huviringishwa kwenye roli kubwa kabla ya kukunjwa kuwa boksi, na ndani ya roli uso wa nje hulalia uso wa ndani. Wino uliodhaniwa umekauka uliacha kitu kisichoonekana kwa macho kwenye upande ambao baadaye ungegusa maziwa.

Kisa hiki kinavuruga swali ambalo wenye bidhaa wengi huja nalo kwa mchapaji: "Wino gani ni salama kwa chakula?" Likiulizwa hivyo halina jibu. Wino uleule hauna neno kwenye lebo ya chupa ya kioo, na ni balaa kwenye mfuko wa karatasi. Swali lenye jibu ni refu kidogo: wino huu, juu ya kifungashio hiki, ukikaushwa na mashine hii, ukikaa jirani na chakula hiki kwa miezi kadhaa, utafika ndani au hautafika? Tuweke kwanza vipimo vya kuulizia, kisha tupitishe kila aina ya wino kwenye vipimo hivyohivyo.

Vipimo

*Umbali.* Jiulize kuna nini kati ya wino na chakula. Kioo, bati na alumini havipitishi kitu. PET, plastiki ya chupa za maji, ni kizuizi kizuri kwenye joto la kawaida. Polietilini na polipropilini, plastiki za mifuko ya kawaida, zinawadanganya wengi: kwa kuwa hazivuji maji, watu hudhani zimefunga kila kitu, kumbe molekuli ndogo za mafuta na mvuke hupita taratibu. Karatasi na kadibodi hazizuii chochote. Na kizuizi, hata kiwe cha alumini, hakisaidii iwapo sehemu iliyochapwa italala juu ya upande wa ndani kwenye roli au kwenye rundo.

*Kinachobaki.* Wino wowote ni rangi, gundi ya kuishikilia, kibebeo cha kuufanya utiririke, na viungo vidogovidogo vya kurekebisha tabia. Kibebeo huondoka au hugeuka kigumu. Kinachotuhusu ni yale yasiyoondoka wala kugeuka. Kanuni ya jumla ni kwamba kadiri molekuli ilivyo ndogo ndivyo inavyosafiri. Zile zinazozidi dalton 1,000 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) hazisafiri kirahisi, na hata zikimezwa utumbo hauzifyonzi kwa kiasi cha maana.

*Mashine na ukaushaji.* Wino bora ukikaushwa vibaya ni wino mbaya. Kipimo hiki ndicho wanunuzi husahau, kwa sababu hakiandikwi kwenye kopo.

*Ustahimilivu.* Maji, mafuta, friza, mvuke wa moto, msuguano wa safari. Lebo inayofutika ni hatari pia: tarehe ya mwisho wa matumizi isiyosomeka haimlindi mlaji.

*Hati.* Umoja wa Ulaya una kanuni ya jumla ya vitu vinavyogusa chakula (namba 1935/2004), na kanuni ya utengenezaji bora (2023/2006) ambayo kiambatisho chake kinataja wino kwa jina: upande uliochapwa usiguse chakula, na wino usihamie upande wa pili kwa kupenya wala kwa kulaliana. Uswisi imekwenda mbali zaidi. Tangu 2010 ina orodha ya viambato vinavyoruhusiwa kwenye wino wa vifungashio, na kiambato ambacho hakijachunguzwa hakitakiwi kuonekana kwenye chakula hata kwa miligramu 0.01 kwa kilo. Watengenezaji wengi wa wino duniani hutumia orodha hiyo kama rejea hata wanapouza mahali pengine. Marekani haina orodha ya wino. FDA, mamlaka yake ya chakula na dawa, hutazama kama kiambato kinaweza kuingia kwenye chakula, na kikiweza hutakiwa kiwe kimeruhusiwa.

Kuna karatasi moja ya kuiangalia kwa makini: ile ya taarifa za usalama kazini, inayoeleza kama wino unawaka moto, unawasha macho, na uhifadhiwe wapi. Nimeonyeshwa karatasi hiyo mara nyingi kama ushahidi kwamba wino "ni wa chakula". Inamlinda mfanyakazi anayeushika wino, mlaji haimhusu. Unachohitaji ni hati ya viambato vinavyoweza kuhama, au tamko la maandishi kwamba wino umetengenezwa kwa vifungashio vya chakula, pamoja na masharti ya kuutumia. Vilevile neno "hauna sumu" kwenye kopo halina maana ya "unaweza kuliwa". Kalamu za watoto nazo hazina sumu.

Wino wa maji

*Kinachobaki.* Jina lake linaupendelea. Maji ni kibebeo tu. Ndani yake mna resini (ndiyo gundi ya kushikilia rangi), mara nyingi ya akriliki, amonia au amini zinazoifanya resini iyeyuke, vizuia-povu, glikoli kidogo, na viua-vijidudu vya kuzuia wino usivunde kwenye ndoo. Amonia hupaa. Vizuia-povu na viua-vijidudu hubaki, ingawa kwa kiasi kidogo. Rangi nayo inahitaji kuulizwa: baadhi ya pigmenti za njano, rangi ya chungwa na nyekundu za jamii ya azo huweza kuachia amini za aromatiki, na kwa plastiki zinazogusa chakula Umoja wa Ulaya unataka zile zinazohusishwa na saratani zisionekane hata kwa miligramu 0.002 kwa kilo, na jumla ya nyingine isizidi miligramu 0.01. Pamoja na hayo, wino wa maji uliotengenezwa vizuri hubakiza vitu vichache na harufu hafifu, na hautoi mivuke mikali kiwandani.

*Mashine na ukaushaji.* Karatasi hunywa maji, kwa hiyo wino hukauka nusu kwa kupaa na nusu kwa kuzama. Kuzama huko kunaonekana kama faida, ila kumbuka kwamba kinachozama kinakisogelea chakula. Kwenye plastiki maji hukusanyika matone kama umande juu ya jani; filamu hutakiwa kwanza ipitishwe chini ya cheche za umeme ili uso wake ukubali wino, na mashine iwe na hewa ya moto ya kutosha.

*Ustahimilivu.* Hapa ndipo unapoangukia. Kuna aina zinazovumilia unyevu, lakini aina ya kawaida ikitoka friza na kupata umande huacha rangi vidoleni. Omba sampuli, ilaze kwenye maji ya barafu kwa saa kadhaa, kisha isugue kwa kitambaa cheupe.

*Anayefaa.* Mwenye mifuko ya karatasi, maboksi ya kadibodi ya kusafirishia, na vifungashio vya vyakula vikavu.

Wino wa kiyeyushi

*Kinachobaki.* Huu hubebwa na ethanoli, asetati ya ethili au propanoli, vitu vinavyopaa haraka. Ukipaa wote, kilichobaki ni nitroselulosi au poliuretani imeshikilia rangi, tabaka kavu na thabiti. Usipopaa wote, mabaki hunaswa kwenye filamu na hutoka polepole ndani ya pakiti iliyofungwa. Mteja akifungua na kunusa harufu ya rangi ya kucha, hayo ndiyo mabaki. Maabara huyapima kwa miligramu kwa kila mita ya mraba, na mchapaji makini huyapima kwa kila roli. Yupo pia mchapaji anayetumia toluini kwa kuwa ni rahisi kupatikana na huyeyusha vizuri. Kwa kifungashio cha chakula mkatae bila mjadala.

*Mashine na ukaushaji.* Mashine kubwa za flekso (zinazochapa kwa bamba laini lenye picha iliyoinuka) na za silinda zilizochimbwa, zenye hewa ya moto na uingizaji hewa wa kuzuia milipuko. Mtu hafungui kazi hii chumbani kwake.

*Ustahimilivu.* Mzuri sana kwenye plastiki. Nguvu yake kubwa haiko hata kwenye wino wenyewe: filamu ya juu huchapwa upande wake wa nyuma, kisha hubandikwa filamu nyingine, wino ukafungiwa katikati. Haukwaruziki, hauguswi na mkono, na ukishabandikwa haulalii upande wa ndani kwenye roli. Kilichobaki ni kuuliza filamu ya ndani ni ya nini, na gundi ya kubandikia imepewa siku ngapi kukomaa. Gundi za poliuretani za aina fulani zikiharakishwa huachia amini zilezile tulizozitaja kwenye pigmenti, kwa hiyo roli iliyobandikwa asubuhi na kujazwa chakula jioni ni kosa hata kama wino hauna dosari.

*Anayefaa.* Mwenye bidhaa nyingi za pakiti za plastiki, hasa zenye mafuta, zinazokaa rafuni muda mrefu.

Wino wa UV na ndugu zake

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye kishawishi kikubwa na makosa mengi.

*Kinachobaki.* Wino wa UV haukauki kwa kupaa. Ni mchanganyiko wa monoma (molekuli ndogo zinazoshikana), oligoma (minyororo yake mifupi) na vianzishi; vianzishi hupokea mwanga wa urujuanimno (ndio UV), huvunjika, na kuamsha mnyororo unaougeuza wino kuwa polima ngumu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Shida ni mbili. Monoma ambazo hazikushikana hubaki majimaji ndani ya wino unaoonekana mgumu. Na vianzishi hutiwa kwa ziada ili kazi iende haraka, hivyo sehemu yao haitumiki au huvunjika vipande vidogo vinavyosafiri. ITX ya mwaka 2005 ilikuwa kianzishi. Mapema 2009 ilikuwa zamu ya 4-methilibenzofenoni, iliyokutwa kwenye nafaka za kifungua kinywa barani Ulaya. Hiyo ilipita kama mvuke kutoka kwenye kadibodi hadi ndani. Kwa benzofenoni yenyewe, Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.6 kwa kilo ya chakula kwa vifungashio vya plastiki. TPO, kianzishi kilichopendwa sana na wanaotumia taa za LED, iliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya Ulaya ya kemikali za kutiliwa shaka kubwa kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi. Kopo la zamani huenda bado linayo.

Kwa hiyo kuna wino wa UV wa kawaida na wino wa UV wa uhamaji mdogo, na tofauti yao si ya matangazo. Wa pili hutumia vianzishi vya molekuli kubwa, vya polima, na monoma zilizosafishwa. Lakini neno "uhamaji mdogo" lina sharti: ukaushwe kama mtengenezaji alivyosema. Taa ikichakaa, kioo chake kikiingia vumbi, au mashine ikiongezwa kasi kwa kuwa mteja ana haraka, wino huo ghali unakuwa kama wa kawaida. Nyeusi nzito na nyeupe nzito ndizo ngumu zaidi kukausha, kwa sababu rangi yenyewe huzuia mwanga kufika chini.

*Mashine na ukaushaji.* Taa za zebaki hutoa mawimbi mengi. Taa za LED hutoa wimbi moja, kwa kawaida kati ya nanomita 365 na 405, hazipashi joto sana na hudumu. Wino wa taa moja haufai taa nyingine. Printa za wino wa kurushwa zinazotumia UV zinahitaji tahadhari ya pekee: ili wino upite kwenye tundu jembamba lazima uwe mwepesi, na wepesi huo huletwa na monoma ndogo, zilezile zinazosafiri.

Ndugu yake ni wino unaokaushwa kwa miali ya elektroni. Huu hauhitaji vianzishi kabisa, kwa sababu elektroni zina nguvu ya kuanzisha mnyororo zenyewe, na hupenya rangi nzito bila taabu. Kama mashine yake isingekuwa kubwa, ghali, na yenye kuhitaji naitrojeni muda wote, ningeuweka mbele ya UV kwa kazi nyingi za chakula. Ukipata mchapaji aliye nayo, msikilize.

*Ustahimilivu.* Bora kuliko wote. Hung'aa, haukwaruziki, hauogopi maji wala mafuta. Ndiyo maana lebo nyingi za kubandika huchapwa hivi.

*Jaribio la mezani.* Sugua kwa pamba yenye asetoni. Wino ukitoka haraka haukukomaa. Usipotoka umejua tu kwamba uso ni mgumu. Uhamaji haupimwi kwa pamba.

*Anayefaa.* Mwenye lebo za chupa za kioo na makopo, au vifungashio vyenye kizuizi cha kweli, kwa mchapaji anayeweza kuonyesha kumbukumbu za taa zake. Asiyemfaa ni mwenye mfuko wa karatasi, pakiti nyembamba ya polietilini, au chakula kinachopashwa moto ndani ya kifungashio chake.

Wino wa mafuta wa ofseti

*Kinachobaki.* Ofseti ya kawaida ya karatasi hutumia wino mzito wa resini na mafuta. Mafuta yakiwa ya madini, hubaki kwenye kadibodi na kupaa taratibu kuelekea chakula kikavu, hata kama havigusani. Wachunguzi wa maabara ya chakula ya Zurich ndio waliolifanya tatizo hili lijulikane, walipoonyesha kwamba hata kadibodi isiyochapwa, ikiwa imetokana na magazeti yaliyorejelewa, hubeba mafuta ya wino wa magazeti hayo. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilitoa tathmini yake mwaka 2012 na kutia shaka zaidi kwenye sehemu ya aromatiki ya mafuta hayo, kwa kuwa baadhi yake huweza kuharibu vinasaba. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuyaondoa kwenye vifungashio.

Basi watu hukimbilia "wino wa soya". Ni hatua, lakini msiuchukulie kama jibu. Mafuta ya mimea yanayokauka hukauka kwa kushikana na oksijeni, na kazi hiyo huzaa aldehidi zenye harufu; tena wino unaoandikwa soya huweza kuwa na mafuta ya madini pia. Wino wa ofseti wa uhamaji mdogo ni kitu kingine: hutumia esta za asidi za mafuta zenye molekuli kubwa, zilizochaguliwa kwa kuwa hazina harufu na zinasafiri kidogo.

*Mashine na ukaushaji.* Mashine za ofseti ziko kila mahali, na hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu ni kwamba karatasi zilizochapwa hupangwa rundo zikiwa bado mbichi ndani, mgongo ukilalia uso. Uliza pia kama mashine hiyo jana ilichapa mabango kwa wino wa kawaida, na imeoshwaje. Wino mzuri ukipita kwenye rola zenye mabaki ya jana unakuja na hayo mabaki.

*Ustahimilivu.* Wastani. Mara nyingi hupakwa vanishi ya maji juu. Vanishi husaidia msuguano, lakini si ukuta wa kuzuia uhamaji.

*Anayefaa.* Mwenye maboksi ya nje yenye picha nzuri, chakula kikiwa ndani ya mfuko wa alumini au wenye tabaka la PET. Mfuko wa polietilini peke yake ndani ya boksi hauhesabiki.

Ribboni, karatasi ya joto, tona na printa za ofisini

Mzalishaji mdogo mara nyingi yuko hapa, kwa hiyo twende moja kwa moja.

*Ribboni* huhamisha nta au resini kutoka kwenye mkanda hadi kwenye lebo kwa joto. Hakuna kimiminika cha kupaa. Ribboni ya nta ni rahisi lakini hufutika. Ya resini hushika kwenye plastiki na huvumilia friza. Kwa tarehe na namba ya toleo, ni chaguo tulivu.

*Karatasi ya joto*, ile ya risiti na ya lebo za mizani, haina wino. Rangi hutokea ndani ya mipako yake. Kwa miaka mingi mipako hiyo ilitumia bisfenoli A, kemikali inayovuruga homoni. Ulaya tangu Januari 2020 hairuhusu ifike asilimia 0.02 ya uzito wa karatasi hiyo, na watengenezaji wengine wakahamia bisfenoli S, ambayo ni binamu yake. Tafuta iliyoandikwa kwamba haina bisfenoli yoyote, na ibandike nje ya kifungashio tu. Jua na joto huigeuza nyeusi au huififisha.

*Tona kavu* ni chembe za plastiki zilizoyeyushwa juu ya karatasi. Kwa lebo inayobandikwa nje ya mtungi wa kioo haina shida kubwa. *Wino wa printa ya ofisini* una rangi na viyeyushi ambavyo hakuna aliyevichagua akifikiria chakula, na hufutika kwa tone la maji. Nje ya kioo au bati, sawa. Juu ya mfuko wa karatasi wenye chakula, hapana. Karatasi ya gazeti ni hivyohivyo, ingawa yenyewe imezoeleka kiasi kwamba watu hawaioni tena kama kitu kilichochapwa.

Wino wa kurushwa wa kuandika tarehe viwandani, ule unaoandika chupa zikipita mbio kwenye mkanda, mara nyingi hubebwa na methili ethili ketoni. Hupaa upesi sana na herufi ni chache, kwa hiyo mzigo wake ni mdogo. Shida yake ni mahali: hakikisha chupa imeshafunikwa kabla ya kupita chini ya kichwa cha kuandikia.

Wino wa kuliwa, na leza

*Kinachobaki.* Kinabaki chote, maana ndicho kinacholiwa. Kwa hiyo kipimo hubadilika: hapa hatuulizi kama kitahama, tunauliza kama kila kiambato kimeruhusiwa kama kiungo cha chakula. Kibebeo huwa maji, gliserini, propileni glikoli au ethanoli, na rangi ni zile zenye namba za E, alama ya Ulaya ya viungo vya chakula. Orodha hizo hazifanani kati ya soko na soko. Ulaya iliondoa dioksidi ya titani (E171), nyeupe iliyozoeleka, mwaka 2022. Marekani ilifuta kibali cha erithrosini, nyekundu ya waridi, Januari 2025. Tartrazini (E102) na rangi nyingine tano huko Ulaya hulazimu onyo kwenye lebo kuhusu watoto. Hivyo wino halali soko moja unaweza kuwa kosa soko la pili.

*Mashine.* Printa ya wino wa kuliwa iwe ya kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Kubadilisha katriji kwenye printa iliyokwisha kutumia wino wa kawaida hakuisafishi. Mabaki yamo kwenye mirija na kichwa.

*Ustahimilivu.* Dhaifu. Unyevu huufanya uvuje na mwanga huufifisha. Ndiyo bei ya kuwa chakula.

*Leza* huchoma au kufifisha ngozi ya tunda bila kuongeza rangi. Marekani iliruhusu leza ya dioksidi ya kaboni kwa kazi hii mwaka 2012. Kinachobaki ni alama tu, ila ikichomwa kwa kina ngozi hufunguka, tunda hupoteza maji na ukungu hupata mlango.

*Anayefaa.* Anayechapa juu ya chakula chenyewe: keki, vidonge, maganda ya mayai, matunda. Kwa lebo ya nje wino wa kuliwa hauongezi usalama wowote, na utafutika.

Ukiwa katika hali hii

Chupa ya kioo au kopo la bati, lebo nje: una uhuru mkubwa kuliko wote. UV, ofseti, ribboni, tona, yoyote inayostahimili unyevu itafaa. Fedha ya wino wa uhamaji mdogo itumie kwingine.

Chakula kikavu kwenye mfuko wa karatasi usio na utando: wino wa maji uliotengenezwa kwa chakula, rangi chache, na acha eneo kubwa bila kuchapwa. Ukitaka picha iliyojaa uso mzima, ongeza mfuko wa ndani wenye PET au alumini, au chapa lebo ndogo na kuibandika.

Chakula chenye mafuta kwenye pakiti ya plastiki: wino wa kiyeyushi uliofungiwa kati ya filamu mbili. Omba kipimo cha mabaki ya viyeyushi kwa roli yako, sio kwa roli ya mfano.

Boksi la kadibodi na mfuko ndani: ofseti ya uhamaji mdogo au wino wa maji, kadibodi ya nyuzi mpya kama mfuko wa ndani ni polietilini tu. Kama kadibodi ni iliyorejelewa, wino mzuri peke yake haukuokoi.

Chakula kinachopashwa moto ndani ya kifungashio, au kinachokaa mwaka mzima: hapa makadirio hayatoshi, peleka maabara. Kanuni ya Ulaya ya plastiki hupima uhifadhi mrefu kwenye joto la kawaida kwa siku 10 kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, kwa vimiminika vinavyoigiza chakula: ethanoli iliyozimuliwa, asidi ya asetiki ya asilimia 3, mafuta ya mimea. Jumla ya vyote vinavyohama kutoka kwenye plastiki isizidi miligramu 10 kwa desimita ya mraba, na kila kiambato kina kikomo chake.

Chakula cha watoto wachanga: hali ileile, masharti makali zaidi. Kama mchapaji hawezi kukuambia kianzishi kilichomo kwenye wino wake, tafuta mwingine.

Bado unasitasita kati ya wachapaji wawili wenye hati zinazofanana? Fanya wanachofanya waonjaji wa maabara. Fungia kipande cha chokoleti ndani ya chupa safi ya kioo pamoja na karatasi iliyochapwa, bila kugusana, na kingine kwenye chupa isiyo na kitu. Viache siku mbili, kisha mpe mtu asiyejua kipi ni kipi aonje. Akikunja uso kwa kile cha kwanza, umeshapata jibu kuhusu mchapaji huyo. Asipokunja, bado hujathibitisha usalama, maana ITX ile ya mwaka 2005 hakuna aliyeigundua kwa ulimi.